"Yes, Chef" na Lozi Iliyobaki: Kisa cha Mpishi Aliyekwenda Dublin Kusoma Kiingereza

Mpishi ninayemzungumzia hapa alifanya kazi chini yangu kwa miaka minne. Nitamwita mdogo wangu, kwa kuwa ndivyo nilivyomzoea, naye aliniita kaka hata pale wenzake wote waliponiita chefu. Alipoondoka kwenda Ayalandi kusoma Kiingereza alikuwa na miaka 28. Alishika kituo cha mikate na vitu vitamu peke yake, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Kilichomzuia kupanda cheo kilikuwa kimoja tu. Naibu wa mpishi mkuu ndiye anayeandikiana na wauzaji, ndiye anayejaza kumbukumbu za usalama wa chakula, ndiye anayeketi na wageni wanaopanga karamu. Kwetu kazi hizo zote zilifanyika kwa Kiingereza, na kila zilipotajwa, mdogo wangu alikuwa na sufuria ya kwenda kuitazama.

Kisa hiki nakiandika kwa idhini yake. Nakiandika pia kwa sababu sehemu ya kosa lililotokea huko nililipanda mimi, na nimewaona wapishi wengine wakisafiri na mbegu hiyohiyo.

Hesabu ya saa 375

Alichagua Ayalandi kwa sababu mwanafunzi wa lugha anaruhusiwa kufanya kazi kule. Utaratibu aliouingia ulikuwa huu: mtu anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya na nchi washirika wake analipia kozi ya wiki 25, yenye saa zisizopungua 15 za masomo kwa wiki. Anapewa ruhusa ya kukaa miezi 8, anatakiwa kuhudhuria asilimia 85 ya vipindi, na mwishoni afanye mtihani unaotambulika. Akiwa masomoni anaruhusiwa saa 20 za kazi kwa wiki. Kuanzia Juni hadi Septemba, na tena kuanzia tarehe 15 Desemba hadi 15 Januari, saa hizo hupanda mpaka 40. Hizo tarehe za Desemba nitazirudia, maana ndizo zilizomwokoa.

Tulikaa chini tukapiga hesabu. Wiki 25 mara saa 15 ni saa 375. Cambridge, watunga mitihani, hukadiria kwamba mtu hufika ngazi ya A2 (ngazi za lugha za Ulaya hupanda kutoka A1 ya anayeanza hadi C2 ya bingwa) baada ya saa 180 hadi 200 za kufundishwa, B1 baada ya saa 350 hadi 400, na B2 baada ya saa 500 hadi 600. Jaribio la kuingilia lilimweka A2. Ukijumlisha, alipaswa kumaliza akiwa B2, ngazi ambayo mtu hujieleza kwa hoja na kuandika barua ya kazi bila kushikwa mkono. Hesabu haikuwa na kosa, ila ilihesabu saa za darasani peke yake. Hatukujiuliza zile saa 20 za jikoni zitamfundisha nini.

Zilimfundisha Kireno. Kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa kuosha vyombo katika hoteli moja. Wanafunzi wa lugha kutoka Brazili ni wengi sana Dublin, na kwenye sinki lile aliwakuta wao watupu. Walimpokea vizuri, wakagawana naye chakula na zamu. Kufikia wiki ya sita aliweza kuomba kisu, kitambaa na maji ya moto kwa Kireno safi. Kiingereza alikisikia kwa mbali, kikitoka upande wa majiko, kikishindana na mngurumo wa feni.

Kuosha vyombo hakuna aibu, mimi mwenyewe nilianzia hapo. Lakini kwa mtu aliyekwisha kuongoza kituo, kurudi kwenye sinki ni mzigo, na alinipigia simu usiku mara nyingi akiwa na mzigo huo. Nilimwambia jambo moja ambalo bado naliamini: anayetafuta lugha jikoni asimame mahali ambapo oda inafika. Kwenye sinki hufika sahani chafu, na sahani chafu haisemi. Alijitoa kimasomaso, akamwomba mpishi mkuu nafasi ya majaribio, na wiki ya nane akahamishiwa kituo cha vitu vitamu.

Maneno makubwa na vijineno

Wengi hudhani mpishi aliye ugenini atakwamishwa na maneno ya ufundi. Hayo mdogo wangu alikuwa nayo tangu zamani, kwa sababu hata si ya Kiingereza. Julienne, brunoise, mise en place, commis, chef de partie, yote ni Kifaransa. Mfumo wa vyeo unaobeba baadhi ya majina hayo ulienezwa na Auguste Escoffier, Mfaransa aliyeshika jiko la hoteli ya Savoy jijini London mwaka 1890. Jiko letu lilikuwa na maneno hayo, na jiko la Dublin vilevile. Siku yake ya kwanza kituoni aliambiwa akate brunoise, yaani vipande vidogo vya mraba, akavikata sawasawa mpaka wenzake wakasogea kutazama. Wakahitimisha kwamba huyu anaelewa. Ustadi wa mkono wake ulificha upungufu wa sikio lake, na kadiri alivyokata vizuri ndivyo walivyozidi kumsemesha haraka.

Kilichomshinda ni vijineno. Kiingereza cha jikoni kinakaa kwenye "up", "off", "down", "out", "over", "back". "Turn it down" ni punguza moto. "Turn it over" ni kigeuze. "Turn it out" ni kitoe kwenye chombo. Kitenzi ni kilekile, mkia ndio unaobadilika, na chakula huharibika kwa sababu ya mkia. Nadhani hapa sisi Waswahili tuna ugumu wa pekee. Kwetu maana hubadilika ndani ya kitenzi chenyewe: pika, pikia, pikwa, pikisha, funga, fungua, fungia. Sikio letu limezoea kusikiliza tumbo la neno. Kiingereza kinakutaka usikilize kijineno kinachofuata, nacho ndicho mtu mwenye haraka hukimeza.

Akaambiwa "hold the cream" akainyanyua bakuli ya krimu akaishika, akisubiri aambiwe aipeleke wapi. Maana yake ilikuwa asiiweke kabisa. "Fire" aliitafuta motoni, kumbe ni amri ya kuanza kupika oda iliyokuwa inangoja. Akisikia "thirteen" na "thirty" hakuona tofauti, kwa kuwa tofauti iko hasa kwenye mkazo wa sauti, na sisi mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho bila kubadilisha hesabu yoyote.

Juu ya hayo, kulikuwa na Kiingereza cha Waayalandi wenyewe, ambacho hakuna kitabu cha darasani kilichomwandalia. "Press" kule ni kabati. Alitumwa kuleta kitu kwenye "press" akazunguka jiko zima akitafuta mashine ya kukandamiza. Lakini lililonisumbua mimi zaidi ni hili: Mwayalandi husema "I'm after turning off the oven" akimaanisha ameizima sasa hivi. Mdogo wangu alisikia "after", akadhani mtu yule ataizima baadaye. Aliponisimulia nilimwambia, mbona hiyo ni "nimetoka kuzima oveni"! Kiswahili chetu kinafanya vivyo hivyo, kinachukua neno la mwendo kueleza kitu kilichomalizika punde. Tangu siku hiyo muundo huo haukumpiga chenga tena. Aliupata kwa kuupitisha katika lugha yake, jambo ambalo walimu wengine hulikataza, nami sikubaliani nao.

Oda ya meza namba tisa

Sasa nije kwenye mbegu niliyoipanda. Jikoni kwangu niliwafundisha vijana kujibu upesi na kwa sauti. Ukiitwa, "Ndiyo, chefu!" Nilitaka kujua kwamba nimesikika, maana kimya jikoni kinatisha. Kwetu jibu hilo lilibeba mambo mawili kwa pamoja: nimesikia, na nimeelewa. Sikuwahi kuyatenganisha kwa sababu sote tulikuwa wa lugha moja. Alipokuwa anaondoka nilimwusia asisahau. Nikamwambia, mdogo wangu, ukiitwa jibu "Yes, chef", jibu kwa nguvu, watakuheshimu.

Alijibu kwa nguvu. Alijibu hata ambapo nusu ya maneno ilikuwa imempita, akategemea macho: atazame wengine wanafanya nini, abahatishe yaliyobaki. Mara nyingi alibahatisha sawa, na kila alipopatia, siku ya kukosea ilijiandaa vizuri zaidi.

Ilikuwa wiki ya kumi na moja, mwishoni mwa Novemba, jiko limejaa. Naibu wa mpishi mkuu akasoma oda: meza namba tisa, keki moja ya matunda, "no nuts, allergy". Mdogo wangu akaitika "Yes, chef". Keki ile ilinyunyiziwa karanga zilizopondwa juu, na kitako chake kilikandwa kwa unga wa lozi. Akaziondoa karanga kwa uangalifu, akafuta sahani, akaipeleka dirishani, pale sahani zinapokaguliwa kabla ya kwenda kwa wageni. Kitako kikabaki kama kilivyo.

Naibu aliitazama sahani, akamwuliza ametoa nini. Akasema "nuts". Akaulizwa, na kitako? Hakuwa na jibu. Sahani ikamwagwa, mgeni akatengenezewa kitu kingine kwa vyombo visafi, na hakuna aliyedhurika. Mdogo wangu alimaliza zamu, akanipigia akiwa chumba cha kubadilishia nguo. Alilia, nami sikupata neno la kumwambia kwa dakika nzima.

Tuliyachambua baadaye, akili zikiwa zimetulia. Kwanza, neno lenyewe. Katika kichwa chake "nuts" ilikuwa karanga, basi. Kiswahili cha jikoni kina karanga, kina korosho, kina lozi, kila kimoja na jina lake, na hatuna neno moja la kuzikusanya tunalolitumia kila siku. Kiingereza kinalo. Sheria nayo imelifanya jambo liwe gumu zaidi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Desemba 2014, ina orodha ya vitu 14 vinavyoleta mzio ambavyo lazima vitajwe. Karanga ina nafasi yake, kwa kuwa ni jamii ya kunde. Lozi, korosho, walnati, pistachio na wenzake wana nafasi nyingine, na hiyo ndiyo inayoitwa "nuts". Kwa hiyo, kwa kufuata orodha, mdogo wangu alitoa kitu ambacho hakikutajwa na kuacha kilichotajwa.

Pili, karatasi. Ayalandi imekwenda mbali kuliko kanuni yenyewe: hata chakula kisichofungashwa, cha mgahawani, taarifa za mzio zinatakiwa ziwe kwa maandishi, na kwa Kiingereza. Karatasi hiyo ilikuwa ukutani, hatua mbili kutoka kituo chake, imechorwa safu 14. Alikuwa akiipita kila siku. Hakuna aliyemketisha akamsomea, kwa sababu mtu anayekata brunoise vile hudhaniwa kwamba amekwisha kuisoma.

Tatu, na hapa ndipo ninapoumia, ni lile jibu. Kama angenyamaza, naibu angerudia. Kama angesema "sikuelewa", angekemewa kwa sekunde mbili na mambo yakaisha. "Yes, chef" ilifunga mlango ambao usalama wa mgeni ungepitia.

Na mzio si jambo la kukadiria. Mwaka 2016 msichana wa Kiingereza mwenye miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ndani ya unga wake, bila ufuta huo kuandikwa kwenye pakiti. Sheria iliyopewa jina lake ilianza kutumika Uingereza tarehe 1 Oktoba 2021. Ufuta ndani ya unga, lozi ndani ya kitako. Nilipomweleza hilo mdogo wangu alikaa kimya, kisha akasema, "Kaka, mimi nilitazama juu ya sahani tu."

Alivyokatazwa kusema ndiyo

Namsifu sana yule naibu. Hakumrudisha kwenye sinki. Kesho yake alimwita kabla ya zamu, akamwambia kuanzia leo ni marufuku kujibu "Yes, chef". Kila oda airudie yote kwa sauti, kisha aongeze atakachofanya: meza tisa, keki moja, bila nuts, nabadilisha kitako. Marubani hulazimika kufanya hivyo na mwongoza ndege, wanarudia ruhusa waliyopewa ili kosa lisikike kabla halijaruka. Jikoni huchukua sekunde tatu. Mwanzoni wenzake walinung'unika kwamba anachelewesha, lakini baada ya wiki mbili wawili kati yao walianza kurudia pia, bila kuambiwa.

Kurudia kulimfanyia jambo ambalo darasa lilikuwa halijamfanyia. Kulimlazimisha kusikia hadi mwisho wa sentensi, maana huwezi kurudia ulichobahatisha. Pale aliposhindwa, pengo lilionekana mahali palepale, naye akajua neno gani la kwenda nalo shuleni. Daftari lake likabadilika. Zamani aliandika neno na tafsiri yake, mistari na mistari. Sasa akaandika sentensi nzima kama ilivyosemwa, na pembeni mkono wake ulifanya nini. Mwalimu wake, ambaye kozi yake ilikuwa imejaa mazungumzo ya likizo na maoni kuhusu mitandao, aliliona daftari lile akaomba alete karatasi za oda darasani. Ikatokea kwamba karibu nusu ya darasa walikuwa wanafanya kazi majikoni. Nusu saa kila Alhamisi ikawa yao: "thirteen" na "thirty", "fifteen" na "fifty", mmoja akisoma na mwingine akirudia, redio ikipigwa kwa makusudi ili wasisikie vizuri.

Kisha ikaja Desemba. Shule ilifungwa kwa Krismasi, saa za kazi zikapanda hadi 40, na mdogo wangu alisimama karibu na dirisha kila usiku wa karamu. Mwezi ule, kwa maoni yangu, ulimpa zaidi ya miezi mitatu iliyotangulia. Lakini wapo wanaosema usipoteze fedha za kozi, ingia jikoni lugha itakuja yenyewe. Hapana. Nimewafahamu wapishi waliokaa ugenini miaka kumi wakiwa na maneno mia mbili na "yes" moja kubwa. Desemba ilizaa kwa sababu Novemba alikuwa amejifunza kusikiliza, na kwa sababu kulikuwa na mwalimu wa kumpelekea mapengo yake Januari.

Fedha nisizipite kabisa. Mshahara wa saa 20 haukulipa ada, ulilipa chumba na chakula. Ada aliiweka akiba miaka mitatu kabla ya safari, na asingekuwa nayo mkononi angebaki akikimbizana na saa za ziada zisizoruhusiwa na kupoteza mahudhurio yake.

Mtihani ulipokuja, kusikiliza na kuzungumza vilifika B2. Kuandika kulibaki B1. Alivunjika moyo, nami sikuvunjika, kwa kuwa sasa tulijua tatizo lilipokaa. Utaratibu unaruhusu kozi hadi tatu, jumla isiyozidi miaka miwili. Akajiandikisha ya pili, na safari hii aliingia akijua anatafuta nini: Kiingereza cha kalamu.

Alikipata kwenye kumbukumbu za joto, mahali ambapo wapishi wengi hawafikirii. Chini ya kanuni za Ulaya kila jiko linatakiwa liwe na utaratibu wa kudhibiti hatari unaofuata misingi ya HACCP, yaani kuchambua hatari za chakula na kuzidhibiti kwenye hatua zake nyeti, na utaratibu huo huishi kwa maandishi. Friji isizidi nyuzi 5. Kitovu cha chakula kilichopikwa kifike nyuzi 75. Chakula kinachowekwa moto kisishuke chini ya 63. Kuandika namba ni rahisi. Kazi ipo pale namba inapokataa, maana hapo unatakiwa uandike kilichotokea, ulichofanya, nani aliarifiwa na saa ngapi. Sentensi nne au tano za wakati uliopita, fupi, zitakazosomwa na mkaguzi asiyekujua. Mdogo wangu aliomba zamu ya kuzijaza kila siku. Naibu akazisahihisha kwa kalamu nyekundu kwenye nakala, na mwalimu akamweleza kwa nini. Hakuna insha ya darasani ambayo ingemfundisha vile, kwa sababu katika insha ukikosea nyakati unapoteza alama, na katika kumbukumbu ya friji ukikosea nyakati hakuna anayejua kama nyama ilitupwa au itatupwa.

Wiki ya mwisho ya kozi ya pili alinitumia picha. Hoteli ilikuwa inaingiza keki mpya, na naibu alimpa yeye kazi ya kuiandikia karatasi ya mzio. Mstari wa karanga umejazwa: hakuna. Mstari wa nuts umejazwa: lozi, kwenye kitako, haziwezi kuondolewa. Neno "kitako" kwa Kiingereza alikuwa amelipigia mstari mara mbili. Chini kuna saini mbili, yake na ya naibu, na yake iko juu.